RAID si bakapu

"Seva yetu ina RAID, sasa bakapu ya nini?" Swali hili naletewa na wahasibu wa SACCOS, wakuu wa shule, hata mafundi wenye kadi za kazi zilizoandikwa "mtaalamu wa mifumo". Mara nyingi linakuja siku ambayo data imekwisha kwenda. Nalijibu hapa ili atakayeuliza tena nimkabidhi ukurasa huu.

RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inashughulika na jambo moja: diski ikifa saa nne asubuhi, ofisi iendelee na kazi au ifunge? David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotoa pendekezo lao mwaka 1988, hoja ilikuwa kasi na bei, yaani diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Ila diski zikiwa nyingi, na vifo vinaongezeka, ndipo ikaja data ya ziada ya kufidia. RAID 1 inaandika kitu kile kile kwenye diski mbili. RAID 5 inatumia pariti. Kwa hesabu nyepesi, diski tatu zikiwa na 7, 5 na 4, ya nne inaandikwa 16. Ikifa yenye 5, mashine inatoa na kuipata tena. RAID 6 inaweka pariti mbili, kwa hiyo inastahimili vifo viwili. RAID 0 haifidii chochote, na aliyeifungia hesabu za wanachama aulizwe kwa nini.

Sasa tafuta humo mahali panaposema RAID inajua faili lipi umelifuta kwa bahati mbaya. Hapapo. Ukifuta leja, inafutwa kwenye diski zote kwa utiifu mkubwa. Kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili kwa msimbo, RAID itayalinda hayo mafaili yaliyofungwa kwa bidii ile ile iliyolinda yaliyo mazima. Desemba 2021 kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilipoteza takribani terabaiti 77 za kazi za watafiti, kwa sababu programu ya bakapu yenyewe ilirekebishwa vibaya ikaanza kufuta mafaili. Diski zilipokea amri, zikatekeleza.

Hapo mteja hunijibu kwamba wao wana snapshoti, yaani picha ya mafaili yalivyokuwa saa fulani. Vizuri, zitakusaidia kurudisha faili la jana. Lakini kwa kawaida snapshoti inakaa kwenye diski zile zile, nyuma ya kontrola ile ile inayoziendesha. Kabati likiungua, inaungua nalo. "Basi tunayo seva ya pili inayonakili kila kitu papo hapo." Papo hapo, ndiyo: na ufutaji nao unafika huko kabla hujaondoa mkono kwenye kibodi. Na kama hiyo seva ya pili iko chumba kimoja na ya kwanza, kumbuka Strasbourg. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud, na wapo wateja waliokuwa wamelipia bakapu wakagundua nakala zao zilikuwa mle mle.

Hata kazi yake halisi, RAID 5 inaifanya kwa shida siku hizi. Diski ya terabaiti 16 inayoandika megabaiti 200 kwa sekunde inahitaji saa 22 kujazwa upya, tena kama hakuna mtu anayetumia seva. Watu wakiendelea na kazi, hesabu siku. Muda wote huo diski zilizobaki, pengine za katoni moja na umri mmoja, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kinga yoyote. Watengenezaji wa diski nyingi za bei ya chini huahidi kosa lisilosomeka lisizidi moja kwa kila terabaiti 12.5 hivi. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mimi sitaki kuwekea mishahara ya watu dau la namna hiyo.

Na diski ikishakufa, nisemeje kuhusu friza? Bado wapo wanaoifunga diski mbovu kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza karibu na samaki, wakitumaini itafufuka. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Itoe diski ya baridi kwenye hewa ya Tanga au Mombasa uone unyevu unavyoiganda. Mbaya zaidi ni fundi anayeilazimisha kontrola ipokee diski iliyojitoa kwenye RAID wiki tatu zilizopita. Ile diski ina data ya wiki tatu zilizopita! Mashine inaichanganya na ya leo, inaandika upya pariti, na kilichokuwa kinaokoleka kinageuka uji.

Haya, la kufanya. Diski kubwa ziwe RAID 6 au RAID 10 (jozi za RAID 1 zilizounganishwa kwa RAID 0), na diski ya akiba ikae tayari ndani ya kabati. Washa ukaguzi wa diski kila mwezi. Onyo liende kwenye simu ya mtu aliye hai, si barua pepe ya aliyeacha kazi. Nunua UPS. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo, na angalau moja isiyofutika kwa nywila ya msimamizi wa seva. Kila robo mwaka rudisha faili kutoka kwenye bakapu na ulifungue. RAID ikivunjika kabisa: zima, andika namba za diski kwa mpangilio wa nafasi zake, usikubali kontrola ikianza kuuliza kama iunde safu upya, na kila diski inakiliwe nzima kabla mtu hajajaribu lolote.