Kamata Taka Kabla Pampu Haijazisaga: Chujio la Pipa kwa Bwawa la Koi

Koi ni samaki asiye na mfuko wa tumbo. Chakula anachomeza hupondwa na meno yaliyo kooni, kikaingia moja kwa moja kwenye utumbo, na muda si mrefu kinatoka. Ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na ndiyo maana bwawa lake huchafuka upesi kuliko mwenye nyumba alivyotarajia siku alipolijaza maji. Kwa hesabu inayotumiwa na wafugaji wa samaki kwenye matangi, kila kilo 1 ya chakula huacha majini takriban gramu 250 hadi 300 za taka ngumu, zikipimwa zikiwa kavu. Taka hizo haziendi popote. Zinabaki na samaki.

Sehemu kubwa ya amonia hutoka kwenye matamvua ya samaki mwenyewe, lakini kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Bakteria wanaoozesha taka huzaliana ndani ya saa chache tu, ilhali wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti huhitaji nusu siku au zaidi ili kuongezeka maradufu. Taka zikijaa kwenye chujio la bakteria, waozeshaji hushinda: wanamaliza oksijeni, wanatwaa nafasi, na kazi ya kuondoa amonia inazorota. Tope la chini ya bwawa likikosa hewa hugeuka jeusi, na ukilivuruga hutoa harufu ya yai bovu. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, sumu kali kwa samaki. Chembe laini zinazoelea nazo huwasha matamvua, na vimelea kama Trichodina hustawi katika maji yenye uozo.

Koi wa rangi walianza kuzalishwa katika vijiji vya milimani vya Niigata, Japani, katika karne ya 19, na maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914 ndiyo yaliyowapa umaarufu nchini mwao. Hadi leo wafugaji wa huko huwaachia samaki kwenye mabwawa ya udongo majira ya joto, kisha huwahamishia ndani kabla theluji haijaanguka. Katika bwawa la udongo samaki ni wachache kwa maji mengi, na tope lenyewe lina viumbe wa kumaliza uchafu. Bwawa la zege la lita 4,000 uani halina msaada huo.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuweka pampu chini ya bwawa, ikavuta kinyesi, ikakisaga, ndipo ikakisukuma kwenye chujio. Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionyesha kwamba kasi ya chembe ndogo kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe ikipunguzwa hadi nusu ya upana wake, kasi yake hushuka mara 4. Ikipunguzwa hadi robo, hushuka mara 16. Kinyesi ambacho kingetua kwa muda mfupi, pampu imekigeuza vumbi linaloelea kutwa. Kwa hiyo chujio la awali lazima likae kabla ya pampu, na jambo hili lina uzito kuliko aina yoyote ya brashi au sponji utakayonunua.

Pipa la plastiki la lita 200 linatosha kuanzia. Linasimama kando ya bwawa, usawa wa maji yake ukilingana na wa bwawa, na mdomo wake ukiwa juu zaidi ili pampu ikizimwa maji yasifurike. Bomba la inchi 4 linatoka kwenye tundu la kitako cha bwawa na kuingia pipani. Pampu inavuta baada ya pipa, hivyo maji ya bwawa huja yenyewe, taratibu, bila kusaga kitu.

Zamani wengi waliliingiza bomba hilo ubavuni ili maji yazunguke na taka zikusanyike katikati, kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokorogwa. Njia hiyo inafanya kazi, ila mzunguko huohuo huziinua tena chembe nyepesi. Mwaka 2005 watafiti wa Freshwater Institute, West Virginia, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha mtindo huo na ule wa maji kusambaa kutoka katikati. Wa kuzungusha uliondoa takriban asilimia 37 ya taka. Wa kusambaza, asilimia 78. Na kwa mtu anayejitengenezea nyumbani, tofauti ya gharama kati ya mitindo hiyo miwili haizidi sana bei ya ndoo na elbo.

Bomba linapindishwa kwa elbo hadi lisimame katikati ya pipa, mdomo wake ukiishia kiasi cha kiganja chini ya uso wa maji. Ndoo ya lita 10 iliyokatwa kitako inalizingira, ukingo wake wa juu ukitokeza juu ya maji. Maji yakitoka bombani yanakutana na ukuta wa ndoo, yanalazimika kushuka, na yakifika chini yake yanageuka na kupanda polepole kandokando ya pipa hadi kwenye tundu la kutokea. Yanapogeuka kuelekea juu, taka nzito haziyafuati. Zinaendelea kushuka hadi kitako cha pipa, penye bomba la inchi 2 na koki ya kutolea uchafu.

Hesabu yake ni nyepesi. Pipa la kipenyo cha sentimita 58, ukiondoa nafasi ya ndoo, lina eneo la takriban mita za mraba 0.21. Ukipitisha lita 2,000 kwa saa, maji hupanda kwa milimita 2.6 hivi kila sekunde, na ni vyema kutozidi milimita 3. Kwa mwendo huo bwawa la lita 4,000 linapita lote kila baada ya saa 2. Ukitaka kasi maradufu, weka pipa la pili sambamba na la kwanza.

Pipa halimalizi kila kitu. Chembe zilizo chini ya sehemu ya kumi ya milimita hupita, na zinahitaji brashi au sponji katika chombo kinachofuata, au wavu. Neti ya mbu haifai, kwani vitundu vyake vinazidi milimita 1 na hunasa majani tu. Kitambaa cha fremu za kuchapia fulana ni bora zaidi: kikitegwa kwa mshazari, maji hupenya na taka huteleza hadi kwenye mfereji. Lakini huziba, na ukisafiri bila mtu wa kukisugua, maji yatapita juu yake. Mimi ningeanza na pipa.

Taka iliyotua pipani bado iko ndani ya maji yanayopita, inaoza na kuachia amonia na fosfeti. Koki ifunguliwe yote kila siku, mpaka maji ya kahawia yaanze kutoka safi. Migomba huyapenda maji hayo kwa naitrojeni na fosforasi iliyomo. Ukifidia kwa maji ya bomba, yaondolewe klorini kwanza, na sponji zenye bakteria zisuuzwe kwa maji ya bwawa.

Chagua pipa lililobeba chakula, kwa mfano mafuta ya kula. Lililobeba dawa za kilimo halisafishiki kwa sabuni, maana plastiki hunyonya sumu na kuiachia baadaye. Mabati na viungio vya shaba viepukwe, kwani zinki na shaba huwadhuru samaki hata zikiwa kidogo sana. Pipa lifunikwe: halina samaki wa kula viluwiluwi, na umeme ukikatika kwa siku kadhaa mbu watataga humo. Pampu iunganishwe na fundi anayeweka kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Anayefuga sato au kambare kwenye tangi la zege anaweza kutumia pipa hilihili kwa hesabu hiyohiyo, ila samaki wa kuuza hulishwa kwa wingi, na koki yake itahitaji kufunguliwa asubuhi na jioni.