Chokaa Juu ya Shuka la Bibi

Asubuhi ya Idi, mwaka juzi, bibi yetu aliamka akakuta vumbi la chokaa juu ya shuka lake. Usiku ule wajukuu walikuwa wamejaa ghorofani wakikimbizana, nasi watu wazima tukinywa kahawa bila ya kuwakataza. Alikung'uta shuka, akainua macho darini, akaona boriti mbili zimelegea na baina yao jiwe limetokeza kama jino litakalo kung'oka. Hakusema neno mpaka wageni walipoondoka.

Nyumba yetu ipo Mkomani, Lamu, na ghorofa yake imejengwa kama za majirani zake wa mawe. Boriti za mkoko hulazwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta; juu yake hupangwa mawe bapa ya matumbawe; kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na vijiwe, ikapondwa kwa magongo hadi ishikane. Hiyo ndiyo sakafu. Na hii ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wake hauwezi kuupita urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haufiki mita 3. Mwenye nyumba hata akiwa tajiri wa majahazi, mkoko ndio uliompimia chumba.

Nyumba ni ya mirathi, na warithi wametawanyika: wengine Mombasa, wengine Maskati, wengine hawajalala humo tangu utotoni. Ami yetu mmoja alileta rai kwamba ghorofa ibomolewe, imwagwe zege la vyuma, mambo yaishe. Nakiri kuwa nilimuunga mkono. Zege haliliwi na mchwa, nilisema, na bibi atalala bila ya hofu.

Fundi tuliyemwita, mzee aliyekulia katika kazi ya chokaa, alitusikiliza sote kisha akauliza, "Na kuta je, wanangu, nazo mtazibomoa?" Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, hazikujengwa kubeba bamba zito la zege lisilopinda. Boriti hulegea kidogo pamoja na nyumba. Zege hubaki gumu, na ukuta ndio unaopasuka.

Alipanda na nyundo ndogo akagonga boriti moja baada ya nyingine. Iliyo nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyooza hujibu kama boga. Kisha akachoma bisibisi pale boriti inapoingia ukutani, kwa maana hapo ndipo maradhi huanzia. Kati ya boriti 19 za chumba kile, 8 zilikuwa zimekwisha, zote za upande wa choo.

"Nani aliyepaka saruji hapa juu?" aliuliza. Tulitazamana. Ni sisi wenyewe, miaka kadhaa nyuma, maji ya choo yalipoanza kupenya. Tulidhani tumeziba. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yakaingia, yasipate pa kutokea. Boriti zilizodumu kwa vizazi zikiwa kavu, sisi tuliziozesha kwa gunia mbili za saruji. Tena tuliiongezea sakafu uzito.

Kazi ilianza kwa bomba la choo, si kwa mbao wala boriti. Fundi alikataa kugusa chochote kabla maji hayajakatika. Ruhusa nazo zilichukua muda wake, kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na ukarabati hupitia Makavazi ya Taifa. Mkoko nao haukatwi bila idhini ya idara ya misitu. Ukinunua, pima mwenyewe. Boriti ya kweli ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Iliyo nyembamba zaidi huitwa mazio, na wapo wauzaji watakaokuuzia mazio kwa bei ya boriti wakikuona mgeni wa mambo. Hakikisha pia imekauka na imebambuliwa ganda.

Dari ilitegemezwa kwa nguzo na mbao, sakafu ikafunguliwa kipande kwa kipande, mawe bapa yakawekwa kando ili yarudishwe. Boriti zilitolewa moja moja. Ncha za zile mpya hazikukandikwa saruji ukutani. Ziliachiwa nafasi ya kupumua.

Chokaa mpya haitaki haraka. Ilifunikwa magunia, na magunia yalipaswa kuwa na maji daima isije ikakauka kwa pupa na kupasuka. Kazi hiyo bibi hakumwachia mtu. Kila alfajiri baada ya sala alipanda ngazi na ndoo yake ndogo, akishika ukuta, akanyunyiza, akashuka.

Gharama tuligawana, ingawa si warithi wote waliotoa. Boriti mbili za ukumbini fundi amezitia alama ya makaa. Asema zitavumilia msimu mmoja zaidi, zisipolemewa. Bibi amekwisha kutangaza kuwa Idi ijayo watoto watachezea chini, na kahawa tutainywa uani.