Posho ya kompani na jamaa ya mfanyakazi

Watu wakizungumza juu ya msaada wa serkali ao wa kompani, mara moja wanauliza feza ni ngapi. Ni swali la haki, lakini haitoshi. Msaada unaingia nyumbani kwa mlango fulani, kwa jina la mtu fulani, na kwa namna ile unageuza nyumba yenyewe. Padri atakayetumwa kesho Likasi, Kolwezi ao Kipushi atakutana na jambo hili katika jamaa nyingi, ijapo posho yenyewe iliisha zamani. Basi tuangalie namna lilivyoanza.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta watu mbali, wengi wao katika Rhodesia ya Kaskazini, kwa mapatano ya miezi michache tu. Mwanaume alikuja peke yake, alilala kambini pamoja na wenzake, kisha alirudi kwao. Ao hakurudi, maana magonjwa ya mapafu na ya kuhara yaliua wengi. Kwa hiyo kompani ilipoteza watu waliokwisha kuzoea kazi, tena ilipaswa kulipa ili kuleta wengine. Karibu na mwaka wa 1928 ikageuza mashauri. Mapatano yawe ya miaka mitatu, na mfanyakazi akae pamoja na bibi yake. Ikajenga nyumba, ikatoa posho, ikafungua hospitali na pahali pa kuzalia, na watoto wakapimwa kilo. Masule ya makambi yaliongozwa na Wabenedikto. Hata kijana asiye na feza za mahari aliweza kukopeshwa na kompani.

Tusidanganyike: hayo hayakutoka katika huruma peke yake. Ilikuwa hesabu ya mtu anayejua kwamba mfanyakazi mwenye afya na mwenye jamaa hatoroki. Lakini hesabu nayo inaweza kuzaa matunda mema, na watoto wengi walipona kwa sababu yake. Anayesema kwamba yote yalikuwa ujanja, aulize wazee waliozaliwa makambini. Naye anayesema kwamba yote yalikuwa wema, akumbuke mwezi wa Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Elisabethville walipoacha kazi na kuomba mshahara uongezwe. Askari waliwapiga risasi, watu makumi wakafa. Walikuwa na posho na hospitali. Ruhusa ya kusema hawakuwa nayo.

Turudi kwa posho, maana ndipo kiini cha shauri. Ilikuwa bunga, maharagwe, mafuta, chumvi, nyama ao samaki, na kila kitu kilipimwa kadiri ya watu walioandikwa katika kitabu cha kompani: mwanaume, bibi yake mmoja, na watoto wao. Mama mzee wa mfanyakazi hakuandikwa. Mtoto wa dada yake aliyekuja kusoma hakuandikwa pia. Ni kusema, jamaa ikapata mpaka mpya, na mpaka ule ulichorwa na karani. Wamisionari wengi walifurahi kuona ndoa ya bibi mmoja ikilindwa hivi, na walikuwa na sababu. Lakini wachache walitazama upande mwingine. Kule kijijini mwanamke alikuwa na shamba lake na ghala lake. Mume alikula kwa jembe la bibi yake, naye alijua hivyo. Kambini, kikapu cha bibi kilijazwa kwa jina la bwana. Mtu aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara, nyumba, muganga na sule ya watoto siku moja. Ndiyo maana watu wa Katanga walizoea kusema kwamba kompani ni baba na mama. Haukuwa mzaha.

Mwaka wa 1931, Papa Pius XI aliandika barua Quadragesimo Anno. Alifundisha kwamba jambo ambalo mtu ao jamii ndogo inaweza kulitenda kwa nguvu zake, jamii kubwa isimnyang'anye. Waseminari wanalijifunza fundisho hili katika vitabu kama neno la serkali tu. Kumbe linahusu kompani vilevile. Tena tukumbuke kwamba ni katika makambi ya Kolwezi, kule Ruwe, tangu mwaka wa 1953, padri Placide Tempels na wafanyakazi pamoja na mabibi yao walianza mkutano ule ulioitwa Jamaa. Watu wale walikuwa wakishiba. Walilotafuta ni kuwa mume na bibi, baba na mama kweli, na neno lile halikugawiwa pamoja na bunga.

Mwaka wa 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serkali, na kisha kompani ikaitwa Gécamines. Desturi za zamani zikaendelea: hospitali, masule, bunga. Katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Lakini faida ililiwa pengine, mashini zikazeeka, na mwaka wa 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Miaka michache baadaye shaba haikufika hata tani 50,000. Mshahara ukachelewa miezi, halafu miezi mingi. Hospitali zikabaki bila dawa.

Nani alilisha jamaa wakati ule? Mara nyingi mabibi. Walilima kandokando ya mji, wakauza bunga, makala, samaki wakavu. Watoto wakaenda kuchimba. Mwaka wa 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja ili waache kazi kwa mapenzi yao, kama walivyosema wenye mpango. Walitumaini kwamba kila mtu ataanza biashara yake. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi bila mshahara ana madeni, ana watoto waliofukuzwa sule, ana wagonjwa. Wengi walimaliza feza zile kabla ya kununua hata gunia moja la kuuza. Mwenye kusikiliza ugomvi wa ndoa katika parokia zile asiseme haraka kwamba bibi amekosa utii ao kwamba bwana ni mvivu. Bwana alifundishwa miaka thelathini kwamba ubaba wake ni kartasi ya mshahara, na kartasi imepasuka.

Siku hizi kuna njia nyingine mbili, nazo tuzijue. Ya kwanza ni CNSS, iliyoshika nafasi ya INSS mwaka wa 2018: mwajiri na mfanyakazi wanatoa kila mmoja sehemu 5 kwa 100 za mshahara kwa ajili ya pensheni. Haki hii haipotei mtu akibadili kompani, na kwa hiyo inapita posho ya zamani. Lakini inawafikia wenye mapatano ya kazi. Mchimbaji wa mikono na mama wa sokoni wanabaki nje, nao ndio wengi.

Ya pili ni sheria ya madini iliyotengenezwa upya mwaka wa 2018. Inaagiza kila kompani inayochimba itoe sehemu 0.3 kwa 100 za mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa pale, na wajumbe wa wakaaji waketi pamoja na wajumbe wa kompani kuchagua kazi za kufanya. Katekista wa kijiji kilicho karibu na mgodi aulize wajumbe hao ni nani, waliwekwa na nani, na kama kuna mwanamke kati yao. Orodha ya majina si siri.