Meno ya chini yakipita ya juu: visi ndogo inaweza nini bila operasio?

Mimi ni agronomu, lakini mpaka leo siwezi kung'ata hindi la kuchoma. Ninapukuchua kwa vidole, punje kwa punje, na watu mu shamba wanacheka. Meno yangu ya chini yanatangulia yale ya juu. Ku masomo waliniita majina yote.

Miaka mitano iliyopita daktari mmoja wa meno aliniambia: "Wewe ni operasio tu, wakate taya." Nikaogopa, nikaacha. Kisha nikasikia habari ya visi ndogo. Wengi wenu mumeniuliza ni kitu gani, basi nieleze, juu video nyingi zinaiuza kama muujiza.

Jino halikujengwa kwa saruji. Ukilisukuma polepole, mfupa unayeyuka mbele yake na mwingine unajengwa nyuma yake, kama milimita moja kwa mwezi. Shida si kusukuma, shida ni pa kufungia. Fikiria unang'oa kisiki kwa kamba. Ukifunga ule upande mwingine ku mgomba, mgomba ndio utakuja. Vilevile, ukifunga jino ku jino, yote mawili yanatembea, hata lile ulitaka libaki. Visi ni mkaratusi: imeshika ndani ya mfupa wenyewe.

Ni ya aloi ya titani, unene milimita 1.5 mpaka 2, urefu kama 8 mpaka 12. Wanapiga sindano ya ganzi pale pale, na dakika chache imeingia. Kwa watu wa aina yangu inawekwa mara nyingi ku taya la chini, kando ya magego ya nyuma, kushoto na kuume. Elastiki au springi inavuta safu nzima ya chini irudi nyuma. Ndiyo sababu mara nyingi wanang'oa kwanza gego la mwisho: lazima nafasi iwepo. Kazi ikiisha, visi inafunguliwa, mfupa unajiziba.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1945 Gainsforth na Higley walijaribu ku mataya ya mbwa; visi zote zilitoka ndani ya mwezi. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund walionyesha kwa mgonjwa mmoja kwamba inawezekana, na mwaka 1997 Kanomi wa Japani akaleta visi ndogo kabisa.

Sasa sehemu yenye video hazisemi. Visi inatembeza meno, haipunguzi taya. Kidevu changu kitabaki pale kilipo. Radio ya kichwa, ile ya upande, ndiyo inapima mifupa. Kama tofauti ni kubwa sana na ukalazimisha meno, mizizi inaweza kutoka nje ya mfupa na ufizi kushuka; hapo operasio ndiyo njia ya kweli. Mimi nikirudisha taya nyuma, meno ya mbele yanagusana ncha kwa ncha. Ni alama nzuri. Mwenye hawezi hata kidogo asikimbilie kulipa.

Mtoto ni habari nyingine, juu mfupa wake bado unakua. Kuna kifaa cha kuvaa usoni kinachovuta taya la juu mbele, na kinasaidia zaidi kabla ya miaka 10. Kama mdogo wako ana meno haya, usimngojeshe kama mimi.

Niko mwezi wa saba. Kila wiki sita ninavuka Ruzizi kwenda Kigali, na zile dolari ndizo nilikuwa naweka kwa ajili ya kiwanja. Mwezi wa tatu visi ya kushoto ililegea: ilikuwa msimu wa kupanda, nilichoka kusafisha kinywa, ufizi ukavimba. Wakaiweka upya pembeni. Si ajabu, karibu moja kati ya kumi hutoka. Daktari anasema bado mwaka mmoja na zaidi.

Juzi nilijaribu hindi. Bado. Lakini mkate ninaukata.