Karatasi ya Kipimo cha Umeme wa Moyo kwa Mwenye Shinikizo la Juu la Damu

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na watumiaji wa huduma za afya ni hili: kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kimeandikwa “kawaida”, je, yafaa kuacha dawa za shinikizo la damu? Jibu letu ni hapana, na sababu imo katika namna kipimo chenyewe kinavyofanya kazi.

Shinikizo likibaki juu kwa miaka, chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kinachosukuma damu mwilini, hunenepa ukuta kama unavyotutumka msuli wa mchukuzi. Msuli mnene hutoa umeme mwingi, na mawimbi kwenye karatasi hurefuka. Kanuni ya Sokolow na Lyon ya mwaka 1949, ambayo ingali ikitumika, hujumlisha urefu wa mawimbi mawili. Jumla ikifika milimita 35, unene hushukiwa. Hushukiwa tu. Kijana mwembamba mwenye moyo mzima aweza kuvuka kiwango hicho, ilhali mtu mnene ambaye moyo wake umekwisha kuathirika aweza kuwa na mawimbi mafupi. Wagonjwa wengi hupitwa na kipimo hiki. Kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti, huuona ukuta wenyewe, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Mapigo yasiyo na mpangilio yana uzito wa pekee, kwa kuwa huweza kugandisha damu moyoni na kuleta kiharusi. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo nazo hupunguza potasiamu mwilini na kubadili mawimbi. Mweleze daktari kila dawa unayotumia.

Maneno yaliyochapwa na mashine si uamuzi wa daktari. Mtumiaji ana haki ya kuomba karatasi yake isomwe na mtaalamu na kuelezwa maana yake. Itunze, maana hulinganishwa na ya miaka ijayo. Lakini nyingi huchapwa kwa joto na hufifia, hivyo toa nakala.

Ukipata maumivu ya kifua, shida ya kupumua au kuzirai, usisubiri miadi: nenda hospitali mara moja, hata kama karatasi ya wiki iliyopita ilisema “kawaida”.