Kontena lako likoje? Mambo 8 ya kudai kwa wakala kabla mzigo haujapakiwa

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni, mzigo wako unatoka Guangzhou au Yiwu kwa meli, na unachangia kontena na watu usiowajua hata sura.

Sisi tukimpigia wakala tunauliza mawili tu: CBM moja shilingi ngapi, na mzigo unafika lini. Basi, tumemaliza. Ni wachache sana wanaouliza kontena lenyewe likoje. Na hilo boksi la chuma ndiyo nyumba ya mtaji wako kwa mwezi mzima au zaidi. Linapigwa jua, linapigwa mvua, linarushiwa maji ya chumvi, na juu yake yanabebeshwa mengine. Lina tundu la kidole? Maji yanaingia, na wewe upo Dar unaendelea kupost "mzigo upo njiani".

Kuna dada jirani yangu anauza mashuka na mapazia. Mzigo wake ulifika, mabelo ya juu safi kabisa, ya chini yana ukungu na madoa ya kutu. Humo kulikuwa na hela za wateja walioshalipia nusu na hela ya kikoba. Alipomfuata wakala akajibiwa "mzigo ulipakiwa mzima, ni mambo ya bahari hayo". Hakukuwa na picha hata moja ya lile kontena likiwa tupu. Sasa abishane na nini? Aliuza yaliyopona kwa bei ya kutupa ili arudishe hela za watu.

Kwa nini nasisitiza KABLA ya kupakia? Kwa sababu baada ya hapo wote wanakukwepa kihalali. Kampuni ya meli inatoa kontena tupu, anayepakia ni mwingine. Hati nyingi za mizigo zina masharti yanayosema kama ubovu ulikuwa unaonekana kwa macho kabla ya kupakia, kampuni haiwajibiki. Bima nazo, nyingi hazilipi kama mwenye bima alipakia huku anajua kontena ni bovu. Kwa hiyo nafasi ni moja tu, pale kontena likiwa tupu na milango iko wazi.

Haya ndiyo mambo ya kudai:

1. NAMBA YA KONTENA
Kila kontena lina herufi 4, karibu zote zinaishia na U, kisha tarakimu 6, halafu tarakimu moja ya mwisho iliyofungiwa kwenye kiboksi. Hiyo ya mwisho inapatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile za mwanzo, ndiyo maana ukikosea kuandika namba, mfumo wa kufuatilia mzigo unaikataa. Omba video inayoanzia kwenye namba mlangoni halafu inaingia ndani bila kukatwa. Picha za vipande vipande zinaweza kuwa za kontena lingine.

2. KIBATI CHA USALAMA
Mlangoni kuna kibati cha chuma. Kimetokana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972, na kina herufi CSC. Kinaonyesha kontena limetengenezwa lini na uzito wa mwisho linaoruhusiwa kubeba. Kontena jipya linatakiwa kukaguliwa ndani ya miaka 5, baada ya hapo isizidi miezi 30 kati ya ukaguzi na ukaguzi. Ukiona herufi ACEP usiogope, maana yake lipo kwenye mpango wa kukaguliwa mara kwa mara. Kibati hakipo kabisa? Kataa.

3. NJE NA CHINI
Kutu ya juu juu na mikwaruzo ni kawaida, kontena ni la kazi. Cha kuogopa ni bati lililotoboka, lililochanika, au lililobonyea mpaka kona zimepinda. Kona nne na nguzo zake ndizo zinabeba makontena ya juu. Angalia na viraka: kiraka kilichochomelewa vizuri pande zote hakina shida, kilichobandikwa kwa gundi au silikoni ndiyo balaa.

4. KIPIMO CHA GIZA
Hiki hakina gharama hata shilingi. Mtu anaingia ndani mchana, mwenzake anafunga milango kutoka nje na kubaki hapo hapo. Anasubiri dakika moja macho yazoee giza, anaangalia dari, kuta na kona. Mwanga ukiingia popote, hata kwa tundu la sindano, maji nayo yatapita. Tundu la darini ndilo baya zaidi.

5. SAKAFU
Makontena mengi yana sakafu ya plaiwudi nene. Iwe kavu, isiwe na mafuta, misumari iliyochomoza wala ubao uliooza. Plaiwudi inanyonya, kwa hiyo sakafu iliyooshwa asubuhi ikapakiwa mchana itatoa unyevu wote safarini. Akanyage na karatasi nyeupe au tishu: ikitoka na unyevu au mafuta, lisubiri likauke au libadilishwe.

6. HARUFU
Hujui kontena lilibeba nini safari iliyopita. Inawezekana ni ngozi mbichi, dawa za shamba, samaki au rangi. Nguo, vipodozi na chakula vinashika harufu haraka na hakuna mteja atakayekuelewa. Kontena lililopigwa dawa ya wadudu hasa ni hatari kwa mtu. Likiwa na karatasi ya onyo mlangoni, hakuna kuingia mpaka lifunguliwe, lipate hewa na lithibitishwe kuwa ni salama. Harufu ikibaki baada ya hapo, libadilishwe.

7. MILANGO NA RABA
Milango ifunguke mpaka mwisho na ifunge bila kulazimishwa. Raba inayozunguka mlango isiwe imekatika wala kukakamaa, maana hapo ndipo maji mengi yanapopita. Nondo za kufungia zisiwe zimepinda. Angalia na bolti za vitasa. Zikiwa mpya au zimelegea kwenye mlango mkuukuu, uliza kwa nini. Wezi wengine wanatoa bolti, wanafungua mlango, na sili inabaki mzima.

8. SILI
Baada ya kupakia, sili ya chuma inafungwa na ina namba yake. Taka picha namba isomeke. Ilingane na ile ya kwenye hati ya mzigo, BL. Kontena likifika, omba picha nyingine kabla sili haijakatwa. Kama forodha waliifungua njiani na kuweka nyingine, wakala akueleze mapema.

MAMBO MENGINE MAWILI

La kwanza ni jasho la kontena. Kontena linaweza kuwa zima kabisa na mzigo ukalowa. Mchana jua linapasha hewa ya ndani, usiku bati linapoa, unyevu unageuka matone darini na kudondoka kama mvua. Unyevu huo unatoka kwenye sakafu mbichi, pale za mbao mbichi, na maboksi yaliyoloa. Omba mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe, na mzigo wako ufungwe kwa nailoni ndani ya boksi. Kama ni nguo, omba usikae moja kwa moja sakafuni.

La pili ni uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa inataka kila kontena lililojaa lipimwe na uzito wake utangazwe kabla ya kupakiwa melini. Sasa wewe ukimdanganya wakala kilo ili ulipe kidogo, unawaharibia wote mliochangia. Usifanye.

Najua utasema "mimi nina CBM 2 tu, wakala atanisikiliza?" Ni kweli. Kontena refu la futi 40 lina ujazo wa kama CBM 76, wewe ni kidogo sana humo ndani. Ndiyo maana msiongee mmoja mmoja. Watafuteni wenzenu watano sita mnaotumia wakala huyo huyo, wote mtume ujumbe mmoja. Wakala hawezi kuwapoteza wote kwa ajili ya video ya dakika mbili.

Ujumbe wenyewe huu hapa, unakili:

"Habari boss. Kabla ya kupakia mzigo wetu naomba video moja ya kontena likiwa tupu: ianze na namba, kibati cha mlangoni, kuta za nje, iingie ndani ionyeshe dari, kuta, sakafu na raba za mlango. Naomba pia lifanyiwe kipimo cha giza. Baada ya kupakia naomba picha ya mzigo kabla ya kufunga, na picha ya sili namba isomeke. Asante."

Tuma siku unapopeleka mzigo ghalani kwake, usisubiri siku ya kupakia. Ikija video, usiishie kusema "poa". Itazame mpaka mwisho, simamisha kwenye dari na sakafu. Ukiona kasoro andika hapo hapo: "boss, naomba hili libadilishwe", ili maandishi yabaki. Zihifadhi picha zote mpaka umeshapokea mzigo, umefungua na umehesabu.

Wakala mzuri hatachukia. Wengine tayari wana utaratibu huu, hawautangazi tu kwa sababu hatuulizi. Anayekataa kabisa, muulize sababu, halafu fikiria vizuri kabla hujampa oda za wateja wako za msimu wa sikukuu.

Hifadhi posti hii, na umtumie mwenzako ambaye mzigo wake bado upo ghalani haujapakiwa. Yeye bado ana muda.