Uingereza: baba anachagua huku, mtoto anachagua kule



Juzi, saa ya mapumziko, kijana mmoja wa ekipi yetu alinionyesha picha kwenye telefone: wazee Waingereza wanatembea, drapo kubwa za sendika juu, fanfari mbele. "Papa delege, hawa wanatumika mine gani?" Nikamujibu: hakuna. Kellingley, mine yao ya mwisho kubwa ya makaa ya mawe yenye kushuka chini, ilifungwa Desemba 2015. Lakini kila Julai wanakutana katika mji wa Durham na drapo za mashimo yaliyokufa. Walianza sherehe hiyo mwaka 1871.

"Sasa wanatembea juu ya nini?"

Swali zuri. Nilipotafuta jibu nikakuta mambo yenye kuumiza wana siasa wa kule kichwa: wazee na vijana, hata wa nyumba moja, hawachagui tena chama kimoja.

Zamani, kama unataka kujua Mwingereza anachagua nani, haukumuuliza miaka yake. Ulimuuliza kazi. Mtu wa mine alikuwa wa Labour, maana yake chama cha kazi, chama ambacho masendika yenyewe yalisaidia kukizaa mwaka 1900. Mtoto alikipokea kwa baba sawa vile alipokea lampe. Mwaka 1919 Durham ilikuwa jimbo la kwanza ambako Labour ilishika baraza. Na Februari 1974, watu wa mine wako katika greve, umeme umekuwa kidogo, mafabriki mengi yanafanya siku 3 tu kwa juma, waziri mkuu Edward Heath aliita uchaguzi, akiuliza watu nani anaongoza inchi. Akapoteza kiti. Siku ile babu na mjukuu wa mine walikuwa upande mmoja.

Kisha kukaja greve kubwa, Machi 1984 mpaka Machi 1985. Mwaka muzima! Arthur Scargill upande wa sendika, Margaret Thatcher wa chama cha Conservative upande wa serikali. Bamama ndio walishika masufuria, wakalisha vijiji. Haikuwa wote pamoja, tusidanganyane: kule Nottinghamshire wengi waliendelea kushuka shimoni, na jambo hilo halijasahauliwa. Mwishoni watu walirudi kazini bila mapatano yoyote. Mashimo yakafungwa moja moja. Easington, kwenye bahari ya Durham, ilifungwa 1993.

Shimo likifungwa, nani anaondoka? Kijana. Anakwenda Newcastle, Leeds, Manchester. Anasoma iniversite kwa deni, kwa sababu toka 2012 iniversite za England ziliruhusiwa kulipisha mpaka pauni 9,000 kwa mwaka. Akimaliza, analipa nyumba ya watu. Baba anabaki kijijini. Iko na nyumba, na mara nyingi aliinunua kwa bei nafuu kwa sheria ya 1980, sheria ya Thatcher yeye mwenyewe (maisha iko na michezo yake). Iko na pansio ya serikali, inayopanda kila mwaka kufuata bei za vitu, ao mishahara, ao 2.5%, kile kinachozidi. Kila mmoja anachagua kufuatana na pale anapolala.

Mwaka 2016, wakati wa kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, wale wa kutoka walishinda, 52 juu ya 48. Vijana chini ya miaka 25, karibu 7 katika 10 walitaka kubaki. Wenye miaka 65 na kupita, karibu 6 katika 10 walitaka kutoka. Mwaka 2019 pengo likawa kubwa zaidi. Uchunguzi wa YouGov ulionyesha 56% ya vijana wa miaka 18 mpaka 24 walichagua Labour. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, 67% walichagua Conservative. Bolsover, kiti cha Dennis Skinner, mtu aliyeshuka shimoni na kukaa depite toka 1970, ikaenda kwa chama cha Thatcher. Sedgefield, kiti cha zamani cha Tony Blair kule Durham, vilevile.

Wengine wanasema ni uzee tu, mvi zikiingia mtu anageuka. Miye sikubali. Wazee wa mine wa 1974 walikuwa na mvi pia. Kilichopotea ni pahali pa kukutana: shimo, salle ya sendika, delege anayepita nyumba kwa nyumba. Bila hayo mzee anabaki na televizyo, kijana na telefone.

Angalia Ashfield, kule Nottinghamshire. Depite wake, Lee Anderson, alichimba makaa, akawa konseye wa Labour, akachaguliwa depite wa Conservative 2019, na 2024 akashinda tena na Reform, chama cha Nigel Farage. Mtu mmoja, vyama vitatu! Vijana wengi wa mijini, wao wakichoka na Labour wanaenda kwa chama cha Kijani, kilichopata madepite 4 mwaka ule.

Labour ilirudi kwenye serikali Julai 2024. Toka 1994 serikali ilikuwa inakamata nusu ya faida ya sanduku la pansio ya watu wa mine. Oktoba 2024 Labour ilikubali kurudisha pauni miliare 1.5, na wachimbaji wa zamani zaidi ya 100,000 wakaona pansio yao inapanda. Masendika yalipigania neno hili miaka na miaka, na wengi walikufa bila kuiona. Lakini mwaka uleule serikali hiyohiyo ilikata pesa za kuwashia moto wakati wa baridi kwa wazee wengi, kisha 2025 ikarudia nyuma.

Mei 2025, baraza la Durham likaenda kwa Reform. Miezi miwili nyuma, serikali ikatangaza kwamba itashusha miaka ya kuchagua mpaka 16. Wajukuu wa wale wa 1984 wataingia sasa. Kijana wetu aliniuliza watachagua nani. Nikamuambia, hata babu zao hawajui.